Chupa na maganda huenda wapi gari la taka likishaondoka?

Swali hili tunaulizwa sana Dar es Salaam, hasa siku ya kulipia ada ya taka. Jibu la kweli ni kwamba sehemu kubwa inaishia dampo la Pugu Kinyamwezi. Kinachonusurika ni kile kilichotengwa mapema, na wanaokitenga mara nyingi ni waokota taka. Kazi yao inastahili heshima kubwa kuliko wanayopewa.

Chupa ya maji ikishaokotwa huuzwa kwa kilo, hupangwa kwa rangi, kisha hushindiliwa kuwa robota. Kiwandani inasagwa chenga, na chenga zinamwagwa kwenye tangi la maji. Plastiki ya chupa ni nzito kuliko maji, inazama. Ya kizibo ni nyepesi, inaelea. Zikishaachana hivyo, zile zilizozama huoshwa kwa maji ya moto kuondoa gundi ya lebo, halafu huyeyushwa kuwa nyuzi za kitambaa au chupa mpya. Kopo la soda la alumini nalo huyeyushwa, tena kwa kuokoa takriban asilimia 95 ya nishati ambayo ingetumika kutengeneza alumini mpya kutoka kwenye mawe yake.

Maganda yana safari nyingine. Mabwepande, Kinondoni, kuna kiwanda cha mboji kilichojengwa kwa ushirikiano na jiji la Hamburg, Ujerumani, na taka za masokoni ndiyo malighafi yake. Katika utengenezaji wa mboji, taka hulundikwa matuta marefu, vijidudu vikaanza kazi, na joto la ndani likafika nyuzi 55 hadi 65. Joto hilo linaua mbegu za magugu na mayai ya minyoo. Tuta lazima ligeuzwe lipate hewa. Likikosa, linaoza kwa uvundo na kutoa gesi ya methani, kama inavyotokea dampo. Unyevu hupimwa kwa kiganja: ukikamua konzi moja maji yakachuruzika, ongeza majani makavu, ikimeguka kama vumbi, mwagia maji.

Baada ya wiki kadhaa tuta hupoa, na mboji huchekechwa. Juu ya chekeche hubaki vifuko, vizibo na vipande vya glasi. Betri iliyopasuka ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu metali zake zinabaki ndani ya mboji na hakuna chekeche la kuzitoa. Kwa hiyo betri na glasi zifungwe peke yake, na maganda yawekwe kwenye ndoo yake, si ndani ya mfuko wa plastiki.