Kuweka mfumo huria kwenye simu ya zamani: maana yake

Simu janja nyingi huwekwa kando zikiwa bado nzima. Kioo hakina ufa na chaji inakaa, ila mtengenezaji ameacha kutuma masasisho, na programu moja baada ya nyingine zinaanza kugoma. Kuweka mfumo huria ni kuuondoa mfumo (programu kuu inayoiendesha simu) uliokuja nayo na kuingiza mwingine, ambao msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuurekebisha na kuusambaza.

Hilo linawezekana kwa sababu msingi wa Android wenyewe ni huria. Watu wanaojitolea huuchukua, wakaurekebisha ukubaliane na aina fulani ya simu, kisha wakautoa kama romu, yaani mfumo mzima ulio tayari kuwekwa kwenye simu. Iliyoenea zaidi ni LineageOS, iliyoanza Desemba 2016 baada ya romu iliyoitangulia, CyanogenMod, kufungwa. Galaxy S5 ya mwaka 2014, kwa mfano, Samsung waliifikisha Android 6 tu; LineageOS imeifikisha Android 11. Romu nyingine, GrapheneOS, inasifiwa sana kwa usalama, na inastahili, lakini ni ya simu za Pixel za Google ambazo bado zinapata masasisho, kwa hiyo mwenye simu kongwe haimfai.

Kikwazo cha kwanza ni butiloda, programu ndogo inayoamka kabla ya mfumo na kukagua kama mfumo huo una saini ya kidijitali ya mtengenezaji. Ikiwa imefungwa, mfumo wa nje haupiti. Kuifungua hufuta kila kitu kwenye simu, basi hamisha picha na namba zako kwanza. Wapo watengenezaji wasioruhusu kabisa kuifungua, na hapo safari huishia.

Angalia pia namba kamili ya modeli, usiridhike na jina. Galaxy S5 yenye namba SM-G900F ina chipu ya Qualcomm, SM-G900H ina Exynos. Romu ya moja haiifai nyingine, na ukilazimisha simu inaweza isiwake tena.

Romu mpya haitibu kila kitu. Programu zinazoendesha modemu (sehemu inayoiunganisha simu na mtandao) na kamera ni mali ya watengenezaji wa chipu, na wakiziacha, matundu ya usalama yaliyomo humo hubaki. Programu nyingi za benki nazo hukagua simu na zinaweza kukataa kufunguka. Mimi simu ya namna hiyo ningeitumia kwa ramani, vitabu, redio na ujumbe bila wasiwasi; miamala ya fedha ningeiacha kwenye simu inayopata masasisho kamili.