Je, kwa nini Marekani haina orodha ya watu waliopotelea hifadhini?

Ukiiuliza serikali ya Marekani ni watu wangapi waliopotelea kwenye hifadhi na misitu yake na hadi leo hawajaonekana, hutapata idara yenye jibu moja. Hapo ndipo hadithi inapoanzia: orodha ipo, imefungiwa kabatini, na huko porini kuna jambo ambalo wakubwa hawataki lijulikane. Hadithi ni tamu, ila inawasifia makarani kwa mpangilio wasiokuwa nao. Orodha haifichiki kabla haijaandikwa.

Ushahidi unaotajwa mara nyingi ni kwamba watu wameiomba kwa Sheria ya Uhuru wa Habari ya 1966, wakaambiwa haipo. Linasikika kama jibu la kufukuzwa mlangoni. Lakini sheria hiyo inailazimu idara kutoa kumbukumbu ilizonazo; haiilazimu kutunga mpya ili mwombaji aridhike. Ukitaja jalada fulani, una la kudai, hata kama litakuja na mistari iliyofutwa. Ukiomba jedwali ambalo hakuna aliyewahi kulichora, “hatuna” linaweza kuwa kweli tupu. Ile idadi ya 1,600 inayozunguka mtandaoni nayo ni makadirio ya watu binafsi, wala haikutoka kwenye daftari la idara yoyote.

Ardhi yenyewe, ile ya serikali kuu, ni kubwa: ekari zipatazo milioni 640, karibu asilimia 28 ya nchi nzima. Sehemu kubwa inasimamiwa na idara nne, na ile ya misitu iko chini ya Wizara ya Kilimo, mbali na wenzake watatu. Katika majimbo mengi ya magharibi, kumtafuta aliyepotea ni kazi ya sherifu, yaani mkuu wa polisi wa kaunti, hata kama amepotelea kwenye msitu wa taifa. Ndani ya Yellowstone au Yosemite, kazi hiyo ni ya askari wa hifadhi.

Kiini cha tatizo ni namna taarifa zinavyohifadhiwa. FBI ina kanzidata iitwayo NCIC, na tangu 1975 ina sehemu ya watu waliopotea. Mwisho wa 2022 ilikuwa na kumbukumbu 97,127 zilizokuwa bado wazi. Kila kumbukumbu hubeba msimbo wa alama tisa, tarakimu na herufi, unaotaja kituo kilichoiingiza. Unajua nani ameandika. Haujui mtu alikuwa amesimama kwenye ardhi ya nani.

Chukua maktaba ambayo daftari lake la kuazimisha lina majina ya wasomaji tu. Uliza ni vitabu vingapi vya nyoka havijarudishwa. Jibu limo humo humo maktabani, lakini kulipata ni kumfuata msomaji mmoja mmoja na kumuuliza alichukua nini. Ndivyo ilivyo hapa. Mtu anaishi mjini Nevada, gari lake linakutwa mwanzo wa njia ya milimani California, na dada yake ameripoti kwenye kituo cha polisi cha mjini kwao. Kumbukumbu inaweza kubaki na msimbo wa mji huo, na jina la msitu likaangukia kwenye maelezo ya ziada, kama kuna aliyekumbuka kuliandika.

Tena NCIC ni ya vyombo vya dola, raia haingii. Raia anaweza kutafuta kwenye NamUs, kanzidata ya Wizara ya Sheria, kwa jimbo na kaunti. Ina hata sehemu ya kuonyesha kama mtu alipotelea kwenye ardhi ya makabila ya wenyeji. Ila kaunti si hifadhi: Yellowstone peke yake imegusa majimbo matatu. Ukihesabu kwa kaunti, aliyepotelea mlimani anachanganyika na aliyeonekana mara ya mwisho kwenye kituo cha mafuta. Isitoshe, ni baadhi tu ya majimbo yanayowalazimu polisi kuitumia, kwa hiyo kaunti yenye majina machache huenda ina polisi wasiojaza fomu.

Ziwa Mead linaonyesha utata huu vizuri kuliko jedwali lolote. Liko karibu na Las Vegas, kwenye eneo la Huduma ya Hifadhi za Taifa, mojawapo ya zile idara nne. Mei 2022 maji yalipopungua, likaibuka pipa lenye maiti, na uchunguzi ukashikwa na polisi wa Las Vegas kama mauaji. Mwezi huo huo yakapatikana mabaki mengine, yakaja kutambuliwa kuwa ya mtu aliyeripotiwa kufa maji 2002. Kwa miaka ile 20, huyu wa pili angehesabiwa kama aliyepotea au aliyekufa? Daftari moja lingesema hivi, lingine vile, na yote mawili yangekuwa na hoja.

Wapelelezi wa Huduma ya Hifadhi huweka mtandaoni baadhi ya majalada yao ya zamani, pamoja na mahali mtu alipoonekana mara ya mwisho. Ukurasa huo unafaa kusomwa, mradi usiuhesabu kama jumla: ni majalada yaliyofika mezani kwao, na ya masherifu yamebaki kwa masherifu.