Grafini inashinda chuma kwa nguvu, lakini uliza kwanza kuhusu ufa

Chukua pakiti ya njugu zinazouzwa pale stendi ya mabasi Kisumu. Ivute kwa mikono miwili mahali palipo laini, itakutoa jasho. Ishike kwenye ukingo wenye menomeno, inapasuka mara moja. Nailoni ni ile ile. Tofauti ni mkato mdogo tu.

Huwa naanzia hapo ninapoulizwa kuhusu grafini. Juzi fundi mmoja wa jua kali pale Kibuye aliniuliza, "Mwalimu, ni kweli inashinda chuma mara 200? Basi helmeti ya boda boda iliyoandikwa grafini haiwezi kuvunjika?" Swali lake ni zuri, na linastahili jibu kamili.

Grafini ni tabaka moja tu la atomu za kaboni zilizoshikana kwa pembe sita sita, mfano wa waya wa kuku. Andre Geim na Konstantin Novoselov wa Chuo Kikuu cha Manchester waliibandua kutoka kwenye grafiti, ile kaboni nyeusi ya ndani ya penseli, mwaka 2004 kwa selotepu, na mwaka 2010 wakapewa Tuzo ya Nobel ya fizikia. Ukitaka kufikia unene wa karatasi ya milimita 0.1, panga matabaka kama 300,000.

Nguvu yake ilipimwa mwaka 2008 katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Changgu Lee na wenzake walitengeneza vishimo kwenye kibao cha silikoni, kila kimoja kikiwa na upana wa maikromita 1 hadi 1.5 (maikromita ni sehemu moja ya milioni ya mita). Wakatandika grafini juu yake kama ngozi ya ngoma, wakaibonyeza katikati kwa ncha ya almasi mpaka ikatoboka. Hesabu ikatoa gigapaskali 130, kipimo cha nguvu kwa kila eneo. Chuma cha kawaida cha ujenzi hukatika karibu na gigapaskali 0.5. Tena grafini ilinyumbuka kwa takriban asilimia 25 kabla ya kukatika, jambo ambalo bado linanishangaza, maana almasi, ambayo nayo ni kaboni, hainyumbuki hivyo.

Kwa hiyo fundi hakudanganywa kuhusu namba. Ila turudi kwenye vile vishimo. Mahali padogo kiasi hicho, tabaka huwa halina kasoro, na kinachopimwa ni vifungo vya atomu vyenyewe. Karatasi pana ni habari nyingine: hapa atomu imekosekana, pale vipande viwili vimeungana vibaya. Kifungo kimoja kikikatika, mzigo wake hauendi mbali, unamwangukia jirani aliye kwenye ncha ya ufa. Naye akikatika, mzigo unaofuata ni mzito zaidi. Ndiyo hadithi ya pakiti ya njugu.

Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, walifanya hivyo makusudi. Walichanja grafini kwanza, kisha wakaivuta. Uwezo wake wa kuhimili ufa, unaopimwa kwa megapaskali mara kipeuo cha pili cha mita, ulikuwa kama 4. Chuma cha ujenzi huzidi 50. Yaani tabaka lenye nguvu kuliko vyote tulivyowahi kupima hupasuka kirahisi, karibu na tabia ya kioo.

Kuna nitridi ya boroni, yenye umbo lile lile la waya wa kuku, ila atomu za boroni na naitrojeni hupokezana. Kwa nguvu haifikii grafini. Lakini mwaka 2021 ilionekana kuhimili ufa takriban mara 10 zaidi. Kwa kuwa atomu za pande mbili za ufa hazifanani, ufa haunyooki. Hupinda na kutoa matawi, na kila tawi hula nishati.

Na helmeti? Ndani yake, kama grafini imo kweli, ni vipande vidogo vilivyochanganywa na plastiki. Mzigo hupita kwenye plastiki na pale inapogusana na vile vipande, kwa hiyo ile namba ya 200 haihamii kwenye helmeti. Nilimwambia fundi aangalie alama ya ubora ya KEBS (shirika la viwango la Kenya), mshipi wa kidevuni na nyufa kwenye ganda.