Kinyama cha jicho: wakati wa kukiacha na wakati wa kukikata

Kinyama cha jicho, ambacho wataalamu hukiita terijiamu, huota kwenye utando laini unaofunika weupe wa jicho, mara nyingi upande wa puani. Kina umbo la pembetatu na mishipa ya damu ndani yake, na ncha yake husogea polepole kwenye konea, yaani kioo angavu kilicho mbele ya mboni. Si saratani, wala hakiambukizi. Si mtoto wa jicho pia: huo ni ukungu wa lenzi iliyo ndani ya jicho. Kinundu cha manjano kinachobaki kwenye weupe bila kugusa konea ni pinguekula, na kwa kawaida hakihitaji zaidi ya matone ya kulainisha jicho likiwasha.

Chanzo kikuu ni mionzi ya urujuanimno ya jua, ikisaidiwa na upepo, vumbi na ukavu wa jicho. Hapa Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania baridi hudanganya watu. Mkulima wa viazi Uyole au dereva wa bodaboda Makambako hujifunika koti na kofia ya sufu, macho yakabaki wazi mchana kutwa, kwa kuwa jua halichomi. Lakini ubaridi wa hewa haupunguzi mionzi. Kila mita 1,000 za mwinuko huiongeza kwa takriban asilimia 10, na Jiji la Mbeya liko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Mawingu mepesi nayo huipitisha.

Kinyama kidogo kisichosumbua kiachwe. Vaa kofia ya ukingo mpana na miwani ya jua iliyoandikwa UV400, alama ya kioo kinachozuia mionzi hiyo. Giza la kioo peke yake si kinga. Jicho likikauka au kukereketa, tumia machozi bandia mara tatu au nne kwa siku. Matone hayo hutuliza tu, hayakiondoi kinyama, na hakuna dawa ya matone inayokiyeyusha, hata muuzaji aape vipi. Piga picha ya jicho kila baada ya miezi mitatu, mwanga uleule, ukitazama upande uleule, ndipo utajua kama kinasogea.

Kosa linaloumiza wengi ni kununua dukani, bila kupimwa, matone ya deksamethasoni, dawa ya steroidi inayotuliza uvimbe. Wekundu hupungua haraka, mtu akafurahi, akaendelea nayo miezi. Yakitumika muda mrefu hupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho. Utomvu wa mimea na maji ya majani ni hatari zaidi, kwani huweza kuchoma konea au kupeleka vijidudu vinavyoacha kovu la kudumu.

Upasuaji hufikiriwa kinyama kinapokaribia mboni, kinapopinda konea hadi uoni ukaharibika, kinapozuia jicho kugeuka, au kinapovimba kila mara. Hufanywa kwa ganzi na kwa kawaida mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Swali la kumuuliza daktari ni hili: baada ya kukata, pengo litafunikwa na nini? Likiachwa wazi, kinyama hurudi kwa wagonjwa wengi, na mara nyingi kikirudi huwa kikali kuliko cha kwanza. Njia bora ni kuchukua kipande chembamba cha utando wa jicho hilohilo, sehemu iliyofichwa na kope la juu, kisha kukishona au kukibandika kwa gundi ya kitabibu kwenye pengo. Kazi hii huchukua muda zaidi, lakini inafaa kuisubiri. Baadaye kuna matone ya wiki kadhaa chini ya uangalizi, na shamba lenye vumbi lisubiri. Kinyama kinachorudi huonekana zaidi ndani ya mwaka wa kwanza, hasa kwa vijana.

Usisubiri miezi mitatu ya picha kama uvimbe unakua ndani ya wiki chache, una rangi nyeupe kama maganda, unatoa damu, au umeota mahali pasipo pa kawaida. Saratani ya utando wa jicho hufanana na kinyama, na huwapata zaidi wanaoishi na VVU. Kwa mikoa ya Njombe, Iringa na Mbeya, yenye maambukizi makubwa ya VVU, hilo si jambo la mbali. Nenda kliniki ya macho ya hospitali ya rufaa, na uvimbe wa namna hiyo ukikatwa, omba kipande kipelekwe maabara kupimwa badala ya kutupwa.