Upanga wa kwenye jiwe si Excalibur

Waliotazama filamu za Mfalme Arthur, mfalme wa hadithi za kale za Uingereza, wengi wanaamini kwamba Excalibur ndio ule upanga aliouchomoa kwenye jiwe akiwa kijana. Katika simulizi ya Mwingereza Thomas Malory, iliyochapishwa Westminster, karibu na London, mwaka 1485, hizo ni panga mbili tofauti. Wa kwanza ulichomekwa kwenye fuawe juu ya jiwe, na kazi yake ilikuwa kuonyesha mfalme halali ni nani. Ulivunjika Arthur alipopigana na Mfalme Pellinore. Ndipo mchawi Merlin akampeleka ziwani, mkono ukaonekana juu ya maji umeshika upanga mwingine, naye akaufuata kwa mtumbwi. Huo ndio Excalibur.

Tusiwalaumu watengeneza filamu peke yao. Baadhi ya masimulizi ya kale ya Kifaransa yanauita upanga wa jiweni Excalibur, na Malory mwenyewe anateleza: anaitaja Excalibur vitani kabla Arthur hajaipata! Tena Geoffrey wa Monmouth, aliyeandika miaka ya 1130, hana jiwe kabisa. Kwake upanga ulifuliwa kisiwani Avalon. Jiwe liliingia baadaye, karibu mwaka 1200, kupitia Mfaransa Robert de Boron.

Kinachosahaulika zaidi ni ala ya Excalibur, yaani kifuko cha kutilia upanga. Merlin alimwambia Arthur kwamba ala ile ina thamani ya panga kumi, kwa kuwa anayeivaa hapotezi damu hata akijeruhiwa. Dada yake, Morgan le Fay, alikuja kumwibia, akamkuta amelala na upanga mkononi, akaondoka na ala.