Dhana potofu za wanunuzi wa DSLR, na ile inayokula fedha kuliko zote

Kila anayekuja kuniomba ushauri wa DSLR, yaani kamera yenye kioo ndani na lenzi inayobadilishwa, huanza na swali lile lile: "Kaka, Canon au Nikon?" La pili huwa bodi gani, yaani kamera yenyewe bila lenzi. La tatu, megapikseli ngapi. Lenzi haiulizwi kabisa. Ikitajwa, inatajwa mwishoni, fedha zikiwa zimeshapangiwa kazi nyingine: "Lenzi si inakuja nayo?" Hapo ndipo ninapochoka, maana najua huyu atarudi baada ya harusi mbili tatu akilalamika kwamba ameuziwa kamera mbovu, wakati kamera haina kosa lolote.

"Nunua bodi kubwa kwanza, lenzi itafuata"

Hii ndiyo inayowaumiza watu, kwa hiyo nitakaa nayo.

Chukua ukumbi wa kawaida wa sherehe usiku, uwe Sinza, Tabata au Mwanza mjini. Taa za zambarau zimewaka, mapambo yanavutia, MC anamwita bibi harusi aingie. Kwa macho yako mwanga unatosha; kwa kamera hilo ni giza. Lenzi ya 18-55 inayokuja na kamera, ukiivuta mpaka 55, tundu lake la kupitisha mwanga halifunguki kupita f/5.6; namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa zaidi. Lenzi ya 50mm f/1.8, ambayo kwa Canon na kwa Nikon ni miongoni mwa zilizo rahisi kabisa kununua, inafunguka mpaka f/1.8. Gawanya 5.6 kwa 1.8, kisha jibu ulizidishe kwa lenyewe. Unapata kama 9.7. Kale kalenzi ka plastiki kanaingiza mwanga zaidi ya mara tisa ya ule wa 18-55. Pale ambapo 18-55 inakulazimisha kupiga kwa 1/20 ya sekunde na bibi harusi anatoka na ukungu kwa sababu anatembea, 50mm inakupa karibu 1/200 kwa ISO ile ile, yaani usikivu ule ule wa kamera kwa mwanga.

Sasa tazama unachopata ukihamia bodi ya fulu fremu. Sensa yake, kile kipande kinachopokea mwanga, ni milimita 36 kwa 24. Sensa ndogo ya Canon, ya akina 600D, 700D na 80D, ni karibu milimita 22.3 kwa 14.9. Piga eneo: kubwa inaizidi ndogo kwa mara 2.6. Sensa zikiwa za kizazi kimoja, hiyo ndiyo faida ya mwanga utakayoipata kwa kubadilisha bodi. Ni faida ya kweli na siidharau. Lakini iweke kando ya 9.7 uone. Mwenye 600D iliyotumika na 50mm f/1.8 anakusanya karibu mara nne ya mwanga anaokusanya mwenye 6D, ambayo ni fulu fremu, na zumu ya f/5.6, na bado ametumia fedha kidogo zaidi.

Hesabu hii nimeieleza mara nyingi, na bado mtu anasikiliza, anatikisa kichwa, kisha wiki inayofuata ananitumia picha ya bodi mpya aliyokopea.

Kwenye DSLR kuna sababu nyingine ambayo wauzaji hawaigusi. Unapotafuta fokasi, lenzi inakaa imefunguka mpaka mwisho wake, na mwanga unaopita hapo ndio unaokwenda kwenye kioo, kwenye dirisha unalochungulia na kwenye vihisi vya fokasi vilivyo chini ya kioo. Lenzi ya f/5.6 inavipa vihisi hivyo kazi ngumu zaidi. Ndiyo maana gizani inakwenda mbele, inarudi nyuma, inakwenda tena, na keki imeshakatwa. Ukiweka f/1.8 kwenye bodi hiyo hiyo, fokasi inashika kwa urahisi zaidi. Watu wanabadilisha bodi kwa tatizo la lenzi.

Halafu kuna maafa ya wenye Canon wanaopanda daraja bila kuuliza. Ana 700D na lenzi yake ya 18-55, anauza bodi peke yake, ananunua 6D au 5D Mark III, anafika nyumbani anakuta lenzi haiingii. Angalia mdomo wa lenzi, pale inapofungwa kwenye kamera: alama ya mraba mweupe ni EF-S, zilizoanza 2003 pamoja na EOS 300D, kwa ajili ya sensa ndogo tu. Doti nyekundu ni EF, inayokaa kwenye bodi zote za EOS za kioo. Bodi ya sensa ndogo ina alama zote mbili. Ya fulu fremu ina nyekundu peke yake. Usilazimishe, kwa sababu sehemu ya nyuma ya EF-S inaingia ndani zaidi na kioo cha fulu fremu kitaigonga. Nikon wao waliamua vingine: lenzi ya DX (ya sensa ndogo) inakaa kwenye bodi ya FX (ya fulu fremu), ila kamera inatumia sehemu ya katikati ya sensa tu. D850 yenye megapikseli 45.7 inakubakizia kama 19. Umelipia sensa nzima, umetumia chini ya nusu.

Jambo la haki kusema: f/1.8 ina masharti yake. Kwa 50mm kwenye sensa ndogo, ukiwa mita 2 kutoka kwa mtu, eneo lililo kwenye fokasi ni kama sentimita 11 tu, mbele na nyuma kwa pamoja. Kwa uso wa bibi harusi inatosha. Kwa meza ya wazazi waliokaa safu mbili haitoshi. Hapo funga mpaka f/5.6 na uwashe flashi. Wala 18-55 si takataka. Mchana, nje, kwa f/8, inatoa picha ambayo ukiichapisha A4 mteja hawezi kujua imetoka kwenye lenzi gani. Kinachoishinda ni usiku, na kazi zetu nyingi za kulipwa ni za usiku.

Kwa hiyo mdogo wangu, bajeti ikiwa ndogo, mpango wangu haubadiliki. Bodi iliyotumika ya sensa ndogo, 50mm f/1.8, na flashi yenye kichwa kinachogeuka. Ukishaanza kulipwa, ongeza zumu ambayo f/2.8 yake haibadiliki ukiivuta, kama 17-50 ya Tamron au ya Sigma. Ya tatu ni 85mm f/1.8 kwa picha za sura. Bodi kubwa ije baada ya hapo. Na flashi ielekeze kwenye dari nyeupe, siyo usoni mwa watu. Dari ikiwa imefunikwa vitambaa vya rangi, tafuta ukuta mweupe, la sivyo wageni wote watatoka na rangi ya pambo.

Fikiria pia kinachobaki mkononi. EOS 300D ya megapikseli 6.3 leo karibu hakuna anayeitaka. Lakini lenzi ya EF iliyotengenezwa 1987, mwaka mdomo huo ulipoanza, bado inakaa na inashika fokasi kwenye bodi za EOS za kioo, na kwa adapta ya Canon yenyewe inafanya kazi hata kwenye kamera mpya za RF, zile zisizo na kioo.

"Canon ndiyo rangi, Nikon ni ya wanyama"

Rangi ya JPEG inatengenezwa na programu iliyo ndani ya kamera, na unaweza kuibadilisha kwenye menyu. Ukipiga RAW, yaani faili ghafi, unaitengeneza mwenyewe. Taa za zambarau zikiharibu ngozi za watu, zitaziharibu kwa kamera zote.

Wanaosema Nikon "inafanya watu weusi zaidi" mara nyingi wamepigwa na kipima mwanga, na cha Canon kinafanya vile vile. Kipima mwanga kinataka picha iwe na mwanga wa wastani. Shela nyeupe ikijaza fremu, kamera inadhani mwanga umezidi, inaupunguza, na uso unazama gizani. Bonyeza kitufe chenye alama ya +/-, peleka +0.7 au +1, kisha angalia uso kwenye skrini, siyo nguo. Bwana harusi mwenye suti nyeusi akijaza fremu, kosa linageuka: kamera inaongeza mwanga, na shati lake jeupe linapoteza mistari yote.

Kwenye video dhana hii ina chembe ya ukweli. DSLR ya kwanza kurekodi video ilikuwa Nikon D90, mwaka 2008, wiki chache tu kabla ya Canon kutangaza 5D Mark II. Lakini tangu 70D ya 2013 Canon walikuwa na fokasi ya Dual Pixel, na kwa DSLR za kioo Nikon hawakuwakaribia kwa kufuata mtu anayetembea wakati unarekodi, mpaka ilipokuja D780 mwaka 2020. Kama video ndiyo mkate wako, hiyo ni sababu halali ya kwenda Canon. Rangi siyo.

Tofauti ambayo mnunuzi wa Nikon anapaswa kuijua wala haihusu jina la kampuni. Ni mota ya fokasi. Bodi za D3000 na D5000 na ndugu zao wote, D3200, D3400, D5300, D5600, hazina mota ndani. Zinahitaji lenzi yenye mota yake: AF-S, au AF-P kwa zile mpya tu kama D3400 na D5600. Ukinunua 50mm f/1.8D kwa sababu ni rahisi ukaifunga kwenye D3200, utazungusha fokasi kwa mkono mpaka uchoke. Uliyoihitaji ni AF-S 50mm f/1.8G. D90 na familia ya D7000 zina mota, kwa hiyo lenzi za D zinakubali. Lakini nazo zina mtego wake: AF-P zilizotoka kuanzia 2016 hazishiki fokasi kwenye D90, hata kwa mkono, kwa sababu pete yake inaendeshwa na umeme ambao bodi hiyo haijui kuuongoza. Nenda dukani na bodi yako. Ifunge lenzi, fokasi mlangoni, fokasi mezani, ndipo utoe fedha.

Basi kati ya Canon na Nikon uchague nini? Nunua ile wanayotumia wenzako mnaofanya nao kazi. Siku lenzi yako imeanguka saa moja kabla ya ndoa kufungwa kanisani, atakayekuokoa ni mwenzako mwenye mdomo wa kamera unaofanana na wako. Ulizia pia fundi wa mjini kwako ana vipuri vya kampuni ipi na sokoni kuna lenzi zipi zilizotumika. Hayo yana uzito kuliko mabishano yote ya mtandaoni, na nashangaa wanaoyauliza ni wachache mno.

Nyingine, kwa haraka

"Megapikseli nyingi, picha kali." Kutoka 18 mpaka 24, upana wa picha unatoka pikseli 5184 kwenda 6000, yaani asilimia 16 hivi. A4 kwa doti 300 kwa inchi inahitaji megapikseli 8.7 tu. Ukali unatoka kwenye lenzi, fokasi na kasi ya shata, lile pazia linalofunguka na kufunga unapopiga.

"50mm ya EF-S au DX imeshazidishwa." Hapana. Milimita zinazoandikwa kwenye lenzi ni zile zile siku zote. Kwenye sensa ndogo ya Canon kila lenzi inaonyesha kama imezidishwa kwa 1.6, ya Nikon kwa 1.5. Ndiyo maana kwa ndege na simba wa mbali, 70-300 kwenye sensa ndogo ya Nikon inakupeleka kama 450, na mtu anayekwenda Mikumi na bajeti ya kawaida hana haja ya kulilia fulu fremu.

"Lenzi yenye kituliza mtikisiko inamaliza tatizo la giza." Inatuliza mkono wako. Mtu anayecheza muziki haimtulizi.

"DSLR zimekufa, usinunue." Ni kweli Canon na Nikon wamehamishia nguvu kwenye kamera zisizo na kioo tangu 2018, na Sony waliacha kuuza za kioo 2021. Kwa anayeanza, hiyo imeshusha bei ya lenzi nzuri zilizotumika. Betri pia ni hoja: D850 imepimwa kupiga picha 1,840 kwa chaji moja, na umeme ukikatika mchana kutwa utaiona thamani yake.

"Imetumika, basi imechoka." Uliza idadi ya mipigo ya shata. 5D Mark IV imetengenezwa kwa makadirio ya mipigo 150,000, D850 kwa 200,000; yenye 30,000 bado ni kijana. Kwa lenzi kipimo ni kingine, hasa huku pwani. Toa vifuniko vyote viwili, washa tochi ya simu upande mmoja, tazama kwa upande wa pili huku ukiizungusha polepole. Kwa lenzi nyingi za Nikon sogeza kijiti kidogo kilicho nyuma ili tundu lifunguke; za Canon zikiwa nje ya kamera zinakaa zimefunguka zenyewe. Vumbi kidogo halina neno. Ukiona nyuzi nyembamba zilizotawanyika kutoka ukingoni kwenda katikati, hiyo ni fangasi. Iache hata akikupunguzia nusu ya bei, kwa sababu ikikaa muda mrefu inakula utando wa kioo na alama yake haitoki hata fundi akiifungua yote. Na zako usizilaze kwenye begi la ngozi kabatini. Ziweke kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana na silika jeli ndani, zile chembe za kunyonya unyevu, na silika ikibadilika rangi, ikaushe au weka nyingine.