Mbps nyingi haziondoi kukwama kwa gemu

Gemu likikwama, wengi hapa Dodoma hukimbilia kifurushi cha intaneti chenye kasi kubwa, yaani Mbps nyingi. Pesa ya kutupa hiyo: mechi nyingi za mtandaoni hazifikishi hata Mbps 1. Kinachoumiza ni pingi, muda wa data kwenda na kurudi. Seva ikiwa Ulaya, zaidi ya kilomita 6,000, mwanga ndani ya faiba hauwezi kwenda na kurudi chini ya milisekunde 60, ulipie utakavyo. Chagua seva ya Afrika Kusini, kama ipo.

Kisha pima pingi hadi kwenye ruta yako. Ikirukaruka juu ya milisekunde 10, mbaya wako ni Wi-Fi; vuta kebo, au tumia Wi-Fi ya 5 GHz ukiwa chumba kimoja na ruta, maana ukuta wa tofali huimeza. Gemu linakwama pale tu mtu mwingine nyumbani anapotuma video? Ruta ikiruhusu, weka kikomo cha kupakia: asilimia 85 ya kasi ya kupakia uliyopima, ili video isiijaze laini yote.